Mtutu wa babu: namna ya kusoma chuma cha zamani kabla ya kukipeleka kwa fundi



Leo siandiki juu ya mihogo. Ninaandika juu ya kipande cha chuma kilichokuwa kimelala juu ya dari ya jiko letu huko Kasongo tangu mbele ya mimi kuzaliwa. Wakati wa likizo baba mkubwa alikishusha, akakipangusa majivu, akaniambia: “Mwanangu, nguruwe wa pori wanamaliza shamba. Fundi anasema ataniwekea mti na kifyatulio mpya kwa hii kano. Wewe njo ingénieur wa nyumba. Angalia kama chuma iko nzuri.”

Kwetu mtu akipata lisansi, hata kama ni ya agronomi, anakuwa injinia wa kila kitu: radio, mita ya umeme, na sasa bunduki. Ningeweza kusema tu “sijui”. Lakini fundi alikuwa anangojea kesho asubuhi na moto wake. Njo maana nilikaa chini nikakiangalia vizuri. Niliyojifunza ninawapa, kwa sababu vyuma kama hivyo viko katika nyumba nyingi za kwetu.

Jambo la kwanza: je, kimeshindiliwa?

Bunduki ya zamani haikufunguka nyuma kama zile za leo. Baruti, kitambaa na risasi viliingia kwa mdomo, vikashindiliwa na mdeki. Ukishashindilia, njia rahisi ya kutoa ni kupiga. Mwenye bunduki akikosa nyama, alirudi nyumbani nayo imejaa, akaitundika. Akifa, imejaa vilevile. Baruti nyeusi iliyo kavu haizeeki kama maziwa: inaweza kungoja miaka mingi na bado ikashika moto.

Kuna njia ya kujua bila kuchokonoa. Usisimame mbele ya mdomo. Chukua kijiti cha mti, si chuma, ukiingize polepole mpaka kigote, uweke alama pale mdomo unapoishia. Kitoe, ukilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Mtutu mtupu, ncha ya kijiti itafika karibu na kitundu cha moto, kile kidogo cha pembeni kule nyuma. Kama ncha inaishia mbali na kitundu, kuna kitu ndani.

Chetu kiliishia mbele ya kitundu kwa upana wa kiganja kizima.

Baba mkubwa alicheka, akasema ni udongo wa manyigu. Inawezekana. Lakini udongo na baruti kwa kijiti ni kitu kimoja tu. Chuma kilichoshindiliwa kikiingia katika moto wa fundi, kinapiga mtu bila kifyatulio. Tulikitoa jikoni, tukamwaga maji kwa mdomo na kwa kitundu, tukakilaza nyuma ya nyumba, mdomo ukielekea kichuguu, watoto wakakatazwa kupita. Kisha tukaenda kwa chef. Siku ya tisa alikuja askari anayejua mambo ya risasi. Alitoa matambara yaliyooza, unga mweusi uliolowa, na vipande vya chuma kama misumari iliyokatwa. Hapakuwa na udongo wa manyigu. Baba mkubwa hakucheka tena.

Kusoma chuma

Baada ya pale njo tulikisoma kwa utulivu. Mambo ni manne.

Kwanza, moto uliingilia wapi. Kitundu kitupu cha pembeni kinaonyesha bunduki ya gumegume: jiwe linagonga chuma, cheche inaingia. Kama pale pamesimama kichuchu kidogo cha chuma, hiyo ni ya fataki, ufundi uliokuja katika karne ya 19. Ya kwetu ilikuwa ya gumegume.

Pili, ndani pakoje. Mulika na tochi. Ukiona mifereji inayozunguka kama parafujo, hiyo inazungusha risasi ili iende mbali na kwa unyoofu. Ukiona ukuta laini, ni bunduki ya kawaida ya biashara. Ya kwetu ilikuwa laini, yaani palipobaki laini, kwa sababu kutu ilikuwa imechimba vishimo vingi kule nyuma.

Tatu, upana wa tundu. Nilitumia pie-a-kulisi, ile chombo tuliyokuwa tunapimia unene wa mashina ya miche wakati wa memwari. Nilipata karibu milimita 16.8. Hapa watu wanachanganyikiwa: kalibri 12 ni kubwa kuliko kalibri 16. Sababu ni hesabu ya zamani ya Waingereza: unachukua ratili moja ya risasi, kama gramu 453, unaigawanya katika vidonge vya duara vilivyo sawa. Ukipata vidonge 12, upana wa kidonge kimoja ni kama milimita 18.5, hiyo ni kalibri 12. Vidonge 16 vinatoa 16.8. Vidonge 20 vinatoa 15.6. Namba inapanda, tundu linapungua.

Nne, alama. Safisha na mafuta na kitambaa, usitumie msasa, kwa sababu msasa unafuta ushahidi. Angalia kule nyuma, na chini pale mti ulipofunika. Juu ya chetu tuliona yai dogo lenye herufi E, L, G na nyota. Hiyo ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, mji ulioanza kujaribu mitutu kwa amri tangu 1672. Kila mtutu ulipigwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Usipopasuka, ulipigwa muhuri. Taji juu ya lile yai iliongezwa mwaka 1893. Alama yetu haikuwa na taji. Kama muhuri ni wa kweli, maana mihuri nayo iliigwa, mtutu ulijaribiwa mbele ya 1893. Ni mwaka huohuo, mwezi wa 4, ambao jeshi la Dhanis liliingia Kasongo.

Kwa nini ya gumegume?

Swali hili lilinisumbua. Ulaya ilikuwa imeacha gumegume tangu zamani. Kwa nini Liège iliendelea kuzitengeneza? Sababu moja ni soko: jiwe unaliokota, lakini fataki lazima ununue kila siku. Sababu nyingine ni sheria. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Bruxelles. Ulikataza kuingiza silaha katika Afrika kati ya digri 20 kaskazini na digri 22 kusini, hasa zenye mifereji na za kisasa. Zile za gumegume zenye tundu laini, pamoja na baruti ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Mkataba ulisema ni kwa ajili ya kupiga vita biashara ya watumwa, na kweli bunduki zilikuwa zinalisha biashara hiyo. Lakini uone matokeo: silaha nzuri zikabaki kwa dola, mbovu kwa mwanakijiji. Chuma cha dari yetu kilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, na haikuwa bahati mbaya.

Je, kinaweza kutumika tena?

Jibu langu kwa baba mkubwa lilikuwa hapana, na nilimwonyesha kwa nini.

Mitutu mingi ya biashara ilifanywa kwa bamba la chuma lililokunjwa kuzunguka fimbo na kuunganishwa kwa nyundo na moto. Kuna mshono. Kutu inapenda mshono. Tena masalio ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, na yanakaa kulekule nyuma ambako nguvu ni kubwa kuliko pote. Hesabu yake ni rahisi: ukuta ukipungua kutoka milimita 3 mpaka 2, mzigo juu ya chuma kilichobaki unaongezeka kwa nusu nzima. Na vishimo vya ndani huvioni vyote kwa tochi.

Halafu baruti. Wako wanaofungua katushi za kalibri 12 ili kutoa unga. Ule si baruti nyeusi. Ni unga usio na moshi, ukoo wa ule uliovumbuliwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na katika mtutu usiotengenezwa kwa ajili yake unapandisha nguvu kuliko chuma inavyovumilia. Muhuri wa Liège haukuahidi jambo hilo. Muhuri unasema tu: siku ile, na baruti ile, sikupasuka.

Ulaya na Marekani wako watu wanaopenda kujenga upya bunduki za namna hii. Wenye akili wananunua mtutu mpya, ule wa zamani wanauweka ukutani. Sisi hatuna hata benchi la majaribio. Benchi la fundi wetu lingekuwa shavu la baba mkubwa. Na tusisahau sheria: silaha zinaongozwa na Ordonnance-loi 85-035 ya tarehe 3/9/1985, uwindaji na sheria 82-002 ya tarehe 28/5/1982. Bunduki bila kibali, katika eneo lenye makundi ya silaha, inaweza kukugeuza mshukiwa kwa siku moja.

“Sawa,” alisema baba mkubwa, “basi na nguruwe?”

Hapo njo nilirudi katika kazi yangu. Tulifyeka ukanda wa mita kumi kuzunguka shamba, maana nguruwe haipendi kutoka mahali wazi. Tulijenga uzio wa miti iliyokazwa karibu chini, na mashamba manne ya jirani yakapeana zamu ya kulinda usiku. Mahindi yaliyokauka hayakuachwa shambani. Nguruwe wamekuja bado, mara mbili. Hasara ilipungua, haikuisha. Sitawadanganya.

Mtutu leo uko katika ofisi ya chef, umezibwa, na karatasi inayosema ni wa nani. Baba mkubwa anapita kuuangalia. Kama kwenu kuko chuma juu ya dari, anza na kijiti, na ukikae pembeni. Mengine yanaweza kungoja.