Kuwaheshimu Wahenga Si Kuwaabudu: Funzo kwa Askari Mkristo

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, askari jeshi na polisi wa Uganda huwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika Namugongo na wa mwisho kuondoka. Wao ndio wanaolinda barabara, wanaopekua mizigo, na wanaowaelekeza mahujaji waliotembea kwa miguu siku nyingi kutoka pembe zote za nchi na kutoka nchi jirani. Ilikuwa katika zamu ya namna hiyo, kabla ya mapambazuko, kijana mmoja wa cheo cha chini aliponisogelea, akapiga saluti na kusema: "Afande, naomba ruhusa niulize jambo lisilo la kazi."

Nilimruhusu. Akaeleza kwamba baba yake mzazi alikuwa amefariki miezi michache kabla, huko kwao Buganda, na wazee wa ukoo walikuwa wamemtaja yeye kuwa mrithi. Siku ya kuvunja matanga ilikwisha kupangwa. Lakini wenzake wa kundi la sala kambini walimwonya kwamba akivikwa mbugu na kushika mkuki mbele ya ukoo atakuwa ameabudu mizimu, wala hatasimama tena katika kwaya. Kwa upande wa pili, baba yake mdogo alimtumia habari kwamba asipofika atateuliwa mtu mwingine. Mama yake mjane na wadogo zake wanne wangekuwa chini ya huyo mwingine, ambaye tayari alikuwa ameanza kulipima shamba kwa hatua.

Kisha kijana akanyosha mkono kuelekea uwanja uliojaa taa na nyimbo, akauliza: "Hawa wote, afande, wamekuja kwa ajili ya watu waliokufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mbona wao hawaambiwi kwamba wanaabudu mizimu?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la papo hapo. Makala haya ni jibu nililolitafuta baadaye kwa ajili yake. Naliweka hapa kwa kuwa najua hakuwa peke yake. Makambini na katika vituo vya polisi wako wengi wanaovutwa huku na huku kwa kamba hizo hizo mbili.

OLUMBE NI NINI?

Waganda husema okwabya olumbe, na watu wa pwani wangesema kuondoa matanga. Mazishi humsitiri marehemu kaburini. Olumbe humweka mtu mahali pake. Ukoo hukusanyika tangu jioni, hukesha, na siku ya pili mrithi, aitwaye omusika, huletwa mbele ya watu. Huvikwa mbugu, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, na hukabidhiwa mkuki. Kando yake husimama lubuga, binti wa ukoo atakayemsaidia. Tangu siku hiyo ndugu zake humwita baba, hata wale waliomtangulia kuzaliwa.

Mbugu si vazi la kichawi. Ni kazi ya mikono ya mafundi wanaolipiga gome kwa nyundo za mti mpaka likawa laini, na ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote. Zamani waombolezaji walikuja na mbugu za kumfungia maiti. Siku hizi huja na fedha, lakini rambirambi hiyo ingali inaitwa amabugo. Kwa hiyo hata mlokole anayetoa shilingi zake msibani anatembea katika njia iliyokanyagwa na babu zake.

Hata hivyo, si haki kuwalaumu waliomwonya kijana wetu bila kuwasikiliza. Tangu wamisionari wa Kianglikana walipofika Buganda mwaka 1877, na Mapadre Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879, desturi hii imekuwa na lawama. Harakati ya uamsho, ile ya Balokole, iliyoenea kuanzia miaka ya 1930, iliikemea kwa nguvu zaidi. Walikuwa na sababu. Katika mikesha mingi pombe ilinywewa bila kipimo na uasherati ulifanyika gizani. Baadhi ya watu walikwenda kwenye masabo kutoa kafara kwa mizimu. Na mara nyingine mjane alihesabiwa pamoja na mali, akagawiwa kama mbuzi. Mkristo aliyekataa mambo hayo hakuikataa heshima ya baba yake; aliukataa uovu uliojificha nyuma ya jina la baba yake.

Swali basi ni hili: je, mpaka kati ya heshima na ibada uko wapi?

MIFUPA YA YUSUFU NA USIKU WA SAULI

Biblia ina visa viwili ambavyo kila askari angefaa kuvifahamu, maana vyote viwili vinahusu watu waliokuwa safarini au vitani.

Kisa cha kwanza kimo katika kitabu cha Kutoka. Yusufu alipokaribia kufa huko Misri aliwaapisha ndugu zake kwamba siku watakapoondoka wataichukua mifupa yake. Vizazi vilipita. Usiku wa kuondoka ulipofika, taifa zima likiwa mbioni, Musa hakusahau kiapo kile. Aliichukua mifupa ya Yusufu. Waisraeli walikwenda nayo jangwani muda wote wa safari yao, na kitabu cha Yoshua kinatueleza kwamba hatimaye ilizikwa Shekemu. Hakuna mahali paliposemwa kwamba waliiomba mifupa hiyo mvua au ushindi. Waliibeba kwa sababu waliahidi.

Kisa cha pili ni cha mfalme Sauli. Usiku wa kuamkia vita na Wafilisti, jemadari huyo aliingiwa na hofu. Akajibadilisha mavazi, akaenda Endori kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, akataka Samweli aliyekufa aitwe ili amwambie la kufanya. Kesho yake aliangamia pamoja na wanawe katika mlima wa Gilboa. Sheria ya Musa ilikwisha kukataza jambo hilo waziwazi.

Mpaka uko hapo. Musa aliitimiza ahadi aliyopewa marehemu. Sauli alitaka marehemu amfanyie kazi iliyokuwa yake yeye. Nchi yetu nayo imelipia makosa ya Sauli. Mwaka 1987 vijana wengi waliomfuata Alice Lakwena walikwenda vitani wamepakwa mafuta, wakiaminishwa kwamba risasi hazitawadhuru. Walianguka kwa wingi. Anayemtafuta mzimu au pepo ili amkinge na risasi hamheshimu mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa.

Sisi wenyewe jeshini tunaujua mpaka huo bila kufundishwa. Mwenzetu akianguka, hatumwachi porini kama njia ya kumrudisha ipo. Jeneza lake hufunikwa bendera, tarumbeta hulia, risasi hupigwa hewani. Kila tarehe 6 Februari, siku tunayoiita Tarehe Sita, na kila tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, husimama imara wakati waliotangulia wakikumbukwa. Hakuna aliyepata kusema kwamba jeshi linaabudu wafu.

KANISA LIMEJIFUNZA NINI?

Turudi Namugongo. Kati ya mwaka 1885 na 1887, katika enzi ya Kabaka Mwanga, Wakristo wengi vijana waliuawa kwa ajili ya imani yao, na tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mahali hapo. Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, na mwaka 1969 akaja mwenyewe Uganda, akawa Papa wa kwanza kufika Afrika akiwa madarakani. Mjini Kampala aliwaambia maaskofu wa bara hili kwamba Mwafrika anayo haki ya kuwa Mkristo kwa namna yake ya Kiafrika. Kanisa la mashahidi wa Kikatoliki lililojengwa Namugongo lina umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, na nguzo zake ni 22, moja kwa kila shahidi.

Hivyo mahujaji wale wa alfajiri wanakwenda kwa wahenga wao katika imani, katika nyumba inayofanana na za wahenga wao wa damu.

Hukumu ya Kanisa kuhusu jambo hili haikuwa moja siku zote. Mwaka 1742 Papa Benedikto wa 14 aliwakataza Wakatoliki wa China kushiriki desturi za kuwaheshimu mababu. Mwaka 1939 Roma ililegeza katazo hilo, ikikubali kwamba heshima hiyo yaweza kuwa ya kijamii, si ya kidini.

Karibu zaidi nasi, wenzetu waliotumikia Kongo huenda wamehudhuria Misa yenye utaratibu usiokuwapo kwetu. Ni utaratibu ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi hiyo, ilipokuwa ingali ikiitwa Zaire, na Kardinali Malula wa Kinshasa alikuwa miongoni mwa walioupigania. Mwanzoni mwa Misa hiyo watakatifu huitwa wawe pamoja na waumini, kisha huitwa mababu. Lakini si kila babu. Ni wale walioishi kwa unyofu. Tena, toba na kupeana amani huja baada ya mahubiri na kanuni ya imani, ili mtu apatane na jirani yake kabla ya kutoa sadaka. Waliotangulia hutajwa, na walio hai hupatanishwa.

WALIO HAI NDIO KIPIMO

Hapa ndipo ninapotaka kuweka mkazo. Heshima kwa marehemu hujulikana kwa hali ya wale aliowaacha. Ukoo unaomvika kijana mbugu na kisha kumfukuza mama yake nyumbani haujamheshimu marehemu hata kidogo. Vivyo hivyo kundi la sala linalomkataza kijana kwenda kwao, lakini lisiulize mjane anakula nini, halijamheshimu Mungu.

Sheria ya nchi imekwisha kusema. Kwa mabadiliko ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022, mtu akifa bila wosia akiacha mwenzi, watoto na wategemezi, fungu la mjane ni asilimia 20, la watoto asilimia 75, la wategemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila hupata asilimia 1 tu. Nyumba waliyokaa mume na mke huhifadhiwa kwa ajili ya mjane na watoto. Kwa hiyo anayelipima shamba la marehemu kwa hatua anajichosha miguu. Urithi wa kimila ni mzigo wa kulea, wala si mlango wa kula.

Na usharika nao ni ukoo. Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo za majirani, wanaojuana kwa majina. Kwa askari anayehamishwa kila mara, jumuiya ya kambini ndiyo inayobeba maji msibani, ndiyo inayokaa na mkewe akiwa mbali, ndiyo inayowajua watoto wake. Damu na ubatizo havina sababu ya kugombana iwapo vyote viwili vinamtazama yatima yule yule.

MRITHI ALIFANYA NINI?

Kijana alipewa likizo. Kabla ya kuondoka alikwenda kwa kasisi wake, na kasisi akakubali kufika. Kwa wazee wa ukoo alipeleka maombi matatu: asubuhi ianze kwa ibada, mkesha uwe bila pombe, na mama yake atangazwe mbele ya watu kuwa mwenye nyumba. Wazee walibishana usiku kucha kuhusu pombe. Mwishowe walikubali yote matatu. Alivikwa mbugu juu ya shati lake jeupe, akashika mkuki, na wadogo zake wanne wakamwita baba. Baba yake mdogo aliondoka kabla ya chakula.

Kwaya haikumpokea mara moja. Miezi mitatu alikaa benchi la nyuma, naye hakulalamika. Sehemu ya mshahara wake ilikwenda kwa ada za shule, na wenzake waliliona hilo. Kisha kikosi chake kikapata amri ya kwenda Somalia. Akaandika wosia, na kwa kuwa wosia huhitaji mashahidi wawili, alimwomba kasisi awe wa kwanza. Wa pili alikuwa kiongozi wa kundi la sala, yule yule aliyemwonya. Aliusoma wosia wote, akafika mahali palipoandikwa jina la mama na majina ya watoto wanne, akanyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu.

Ndugu askari, Mkristo au si Mkristo, kabla hujaitwa safarini jiulize mambo mawili. Umewaahidi nini waliokutangulia? Na ukianguka wewe, wataokuja nyuma yako watalala wapi? Ukiyajibu hayo kwa vitendo, umewaheshimu wahenga wako, wala hakuna madhabahu yatakayokukataa.