Axel Foley Alirudi Baada ya Miaka 30: Kwa Nini Hollywood Inafufua Muvi za Mbuyu Wako?

Kama ulilelewa Mashimoni ya Kibra, ama ulikuwa unazurura 46 kule Kawangware, hii picha unaijua. Chumba cha mabati, mabenchi yanayokuchoma makalio, giza, TV moja juu kabisa, na msee mlangoni anakusanya ashu. Nje kuna kibao kimeandikwa kwa chaki muvi za leo. Ukiingia, Kizungu cha steringi hukisikii. Unasikia DJ Afro akikuchambulia kila kitu kwa Kiswahili cha mtaa, mpaka unaamini jamaa wa Marekani anajua bei ya sukuma wiki.

Sasa cheki. Majamaa wa zile muvi wamerudi. Julai 3, 2024, Eddie Murphy alitokea tena kama Axel Foley kwenye Beverly Hills Cop: Axel F, miaka 30 baada ya ile ya tatu. Mwezi mmoja kabla, Will Smith na Martin Lawrence walikuwa wameachilia Bad Boys: Ride or Die. Halafu Novemba 2025, vyombo vya habari vya Marekani vikaripoti kuwa Paramount imekubali kusambaza Rush Hour 4 ya Jackie Chan na Chris Tucker. Ile ya tatu ilitoka 2007, wewe pengine ulikuwa nursery.

Unajiuliza, kwani hawa wazee hawachoki? Tulia nikuchanue.

Kwanza ni ganji

Kuuza muvi mpya ni kazi. Lazima watu wafunzwe steringi ni nani na kwa nini wamjali. Jina la zamani limeshajiuza. Hata kama hujawahi kuona Beverly Hills Cop, ngoma yake unaijua. Harold Faltermeyer aliitunga kwa kinanda cha umeme, na 2005 ikarudi kama Crazy Frog, ile kelele iliyokuwa kwa simu ya kila mtu.

Muvi ya kwanza ilitoka 1984, Eddie akiwa na miaka 23. Na usidhani alikuwa chaguo la kwanza. Sylvester Stallone ndiye alikuwa aigize Axel, lakini alitaka risasi nyingi na stori nzito, akatoka, na mawazo yake mengine akayapeleka kwa Cobra ya 1986. Eddie akaingia na mdomo wake. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani.

Ya pili, 1987, ikauza vizuri. Ya tatu, 1994, ikaanguka: karibu dola milioni 119 tu, na Eddie mwenyewe amesema hadharani kuwa hakuipenda. Baada ya hapo jina likakwama. 2013 CBS walijaribu kipindi cha TV kuhusu mtoto wa Axel, wakatengeneza sehemu ya kwanza, halafu wakaikataa. Ni 2019 ndio Paramount, wenye haki, waliwapa Netflix leseni ya kutengeneza moja. Kwa hivyo ile miaka 30 si ati watu walilala. Watu walikuwa wanajaribu na inakataa.

Pili, magoti yanazeeka, mdomo hauzeeki

Muvi ya vita peke yake ni ngumu kuirudisha. Steringi ana miaka 60, akiruka ukuta unaona kabisa huyo si yeye. Lakini muvi ya vita na vichekesho ina silaha mbili, na mdomo bado unafanya kazi.

Zile zinazofaulu hazifichi umri. Bad Boys for Life ilitoka 2020, miaka 17 baada ya ya pili, chini ya madairekta wawili vijana, Adil El Arbi na Bilall Fallah, Wabelgiji wenye asili ya Morocco. Humo Marcus amekuwa guka na anataka kustaafu. Mike anajifanya bado ni kijana, halafu anapigwa risasi mapema tu. Muvi nzima inauliza, mtakubali lini kuwa mmezeeka? Iliingiza zaidi ya dola milioni 400.

Axel F iko na kitu kama hicho. Kwa ile ya 1984, Axel anafika hoteli ya wadosi bila kubuku chumba, anaanza fujo ati yeye ni mwandishi wa Rolling Stone amekuja kumhoji Michael Jackson, na anapewa chumba. Miaka 40 baadaye anasimama tena mapokezi, anaanza kupika uongo mwingine, halafu katikati anaacha. Amechoka. Anauliza tu kama kuna chumba. Mimi nilicheka hapo kuliko penye helikopta.

Tatu, hiyo stori ilikuwa yetu

Fikiria vizuri. Axel ni karao wa Detroit, mji wa viwanda na watu wa mkono kwa mdomo, anaingia Beverly Hills na fulana ya shule na gari bovu. Kila mtu anamuangalia vibaya. Hiyo ni wewe umetoka Mashimoni umeingia Karen kutafuta kazi, na soja wa geti anakuuliza mara tatu unaenda kwa nani. Tofauti ni kwamba Axel anamjibu soja vile wewe ungependa kujibu.

Utani wa Kizungu ulikuwa haufiki kwetu ukiwa mzima. Wachambuzi ndio waliuvusha, na kama mstari umekataa kuvuka, wanautupa na kuweka wao. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo, sisi DJ Afro. Nusu ya kicheko tunachokumbuka, Hollywood haikukiandika.

Lakini kibanda hakikufufuliwa

Hapa ndio inauma. Axel F ilienda moja kwa moja Netflix. Netflix walikuwa wametupatia Wakenya mpango wa bure kwa simu za Android tangu Septemba 2021, wakaufunga Novemba 2023. Axel akafika miezi minane baadaye. Kwa hivyo ili uone muvi ya msee wa mtaa anayeingia kwa wadosi bila kualikwa, unahitaji akaunti na bando. Na hata ukizipata, unaiona peke yako na earphones.

Mbuyu wangu ndiye alinipeleka kibanda mara ya kwanza. Jumamosi, ashu yake na ashu yangu, mimi nikikaa kwa mapaja yake ndio nisilipishwe kiti cha mtu mzima. Nilipoacha chuo, fee ikiwa imekataa na mimi nimekata tamaa, tuliacha kuongea. Si vita. Ni salamu za mlangoni tu, karibu mwaka na nusu.

Julai 2024, mtaa bado ukiwa moto na maandamano, tulikuwa tumefungiana ndani. Nikawasha Axel F kwa simu ya boy wangu, nikaiegemeza kwa thermos. Mzee akasogea. Dakika kumi akasema, "Hii imekosa maneno." Alimaanisha mchambuzi. Basi nikapunguza sauti nikaanza kuchambua mwenyewe, vibaya, nikiiga. Tukafika penye Jane, yule binti wa Axel, wakili, anamwambia babake vile alimuacha. Nikanyamaza hapo. Mzee akangoja, halafu akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikamwambia. Hakujibu kitu. Aliuliza tu kama nimekula.

Kwa hivyo Rush Hour 4 ikifika kweli, Jackie Chan akiwa na zaidi ya miaka 70, watu mtandaoni watabishana kama ni kali kuliko ya kwanza. Haitakuwa. Hizi muvi hazirudi zikiwa kali kuliko zamani, na si hiyo ndio sababu ya kuziona. Tafuta yule msee aliyekulipia ashu ya kwanza. Kama ni mbuyu, kama ni bro, kama ni jirani mliyekosana. Mketishe, punguza sauti, umchambulie.

Wewe ulionaga muvi yako ya kwanza na nani, na kibanda gani? Tuambie.