Samaki na bata wa madimbwi ya Geita: ni mionzi au zebaki?

Kutoka Geita, Kahama na vijiji vilivyo jirani na machimbo, swali hili hutufikia mara kwa mara: je, kambare na bata maji wa kwenye madimbwi ya migodi wana mionzi? Wanaouliza wana sababu ya kuwa na hofu. Lakini kwa ukanda huu wa dhahabu, sumu ya kuuliza kwanza ni zebaki.

Tuanze na mionzi, kwa sababu si jambo la kupuuza. Kila mwamba una chembe za urani, na kiasi hutofautiana. Miamba ya kijani yenye dhahabu ya Geita kwa kawaida ina urani kidogo kuliko granite inayoizunguka. Maeneo ya Tanzania yanayojulikana kwa urani yako mbali na hapa: Mto Mkuju wilayani Namtumbo, Bahi mkoani Dodoma, na Manyoni mkoani Singida. Pengine pa ajabu zaidi ni Minjingu, karibu na Ziwa Manyara. Fosfati inayochimbwa pale kutengenezea mbolea ilitokana na kinyesi na mifupa ya ndege wa majini, hasa mnandi, walioishi ziwa lilipokuwa na kina kirefu. Fosfati ile ilinyonya urani kutoka kwenye maji, na ndiyo maana mwamba wa Minjingu una mionzi mingi kuliko kawaida.

Ndani ya mwili wa kiumbe, kila sumu ina tabia yake. Radiamu, inayozaliwa na urani, hufanana na kalsiamu, kwa hiyo hukaa kwenye mifupa na magamba ya konokono. Sesiamu, iliyosambaa Ulaya baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, huingia kwenye nyama, na ilionekana kwa wingi kwenye samaki wa maziwa ya huko. Urani yenyewe haipandi sana kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki, wala kutoka kwa samaki hadi kwa ndege.

Zebaki hupanda, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo.

Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha unga, kisha huchanganya na zebaki ili ishike dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa. Kwa kila gramu moja ya dhahabu, gramu moja hadi mbili za zebaki hupotea: nyingine huruka na mvuke, nyingine hubaki kwenye marudio na maji ya kuoshea. Ikifika kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hiyo ndiyo hatari. Mdudu wa topeni huipata kidogo, samaki mdogo hula wadudu wengi, kambare hula samaki wadogo wengi, na mnandi au korongo hula kambare. Kila hatua kiasi huongezeka.

Ndege huitoa sehemu ya sumu hiyo kupitia manyoya, kwa hiyo watafiti wanaweza kupima unyoya mmoja bila kumuua. Jike huitoa pia kupitia yai, hasa ute mweupe, na mayai ya ndege walioathirika huanguliwa machache. Mjini Minamata, Japani, kabla ya ugonjwa wa binadamu kutambuliwa rasmi mwaka 1956, watu waliona ndege wakianguka na paka wakiyumba kama walevi. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki una jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Hali ya Geita ikoje? Kuanzia mwaka 2003 mradi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) ulipima udongo, maji na samaki eneo la Rwamagasa. Samaki wa Ghuba ya Nungwe, Ziwa Viktoria, walikuwa na zebaki kidogo, chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo. Wasiwasi ulikuwa kwa samaki wa karibu na mahali dhahabu inapooshwa. Kwa hiyo samaki wa ziwani wasibebeshwe lawama ya madimbwi.

Sianidi ya kwenye matenki ya kuchenjulia marudio ni habari nyingine. Huua ndege aliyetua kunywa maji papo hapo, lakini jua huivunja, na haijikusanyi mwilini kama zebaki.

Kwa mama mjamzito tunasema wazi: aache kambare wa madimbwi ya machimbo, kwani zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kuharibu ubongo wa mtoto. Dagaa wa ziwani, wadogo na wenye maisha mafupi, ni chaguo bora. Bata wa nyumbani wasiogelee kwenye maji ya marudio, na mayai yao yasiliwe kama wamezoea kushinda huko. Vipimo vya mionzi kwenye chakula hufanywa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kwa zebaki, aulizwe Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kuchemsha, kukausha au kukaanga samaki hakusaidii, wala kumtoa ngozi na mafuta, kwa sababu zebaki ya methili imeshikana na nyama yenyewe. Anayeacha kumla, kiasi kilichomo mwilini mwake hupungua kwa nusu ndani ya siku 50 hadi 70 hivi.