Kunusa Kukipotea, Hurudi? Chembe za Pua Zinavyozaliwa Upya

Wapo watu ambao mafua makali yakiisha hubaki na tatizo moja: hawasikii harufu yoyote. Chai ya tangawizi huwa kama maji ya moto, mboga huungua jikoni mpishi akiwa hapo hapo, na chakula hakina hamu tena. Tangu mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoenea duniani, familia nyingi zimeijua hali hii. Je, uwezo wa kunusa uliopotea hurudi? Mara nyingi hurudi, na mwezi huu tutaeleza sababu.

Harufu tunaisikiaje?

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, pana utando mdogo. Humo zimo chembe za fahamu za kunusa, mamilioni kwa mamilioni. Upande mmoja wa kila chembe una vinywele vyembamba mno vilivyozama katika ute wa pua. Upande wa pili una uzi unaopanda hadi kwenye ubongo, ukipenya mfupa wenye vitundu vingi kama chekeche.

Kitunguu kinapokaangwa, hewa hubeba punje zake zisizoonekana kwa macho. Punje hizo hunasa kwenye vipokezi vilivyo katika vinywele vile, na habari hupelekwa kwenye ubongo. Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi, na panya ana 1,000 hivi. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, waliofungua njia ya kuvijua vipokezi hivi mwaka 1991, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Kwa nini chembe hizi hufa?

Ubongo umefunikwa na fuvu, na uti wa mgongo umekingwa na mifupa. Lakini chembe za kunusa zimekaa wazi. Kila pumzi huzipitishia vumbi, moshi na virusi, kwa hiyo huchakaa. Nyingi huishi wiki au miezi michache tu, ingawa zilizo mahali salama zaweza kudumu zaidi.

Zinazaliwaje upya?

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba kwa wanyama wanyonyeshao, chembe ya fahamu ikifa haipatikani nyingine badala yake. Katika miaka ya 1970, Pasquale Graziadei na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, walionyesha kwamba pua haifuati sheria hiyo. Waliwapa panya kitu chenye alama, ambacho huingia tu katika chembe inayojigawa. Kwanza alama ilionekana katika chembe zilizo chini ya utando. Siku zilipopita, ilionekana katika chembe za kunusa zilizokomaa. Chembe mpya zilikuwa zimezaliwa kutoka chini.

Tufikirie mgomba. Ukishazaa hukatwa, lakini shina lake la chini limekwisha kutoa machipukizi. Vivyo hivyo, chini ya utando wa pua zipo chembe mama. Baadhi hufanya kazi kila siku, zikijaza nafasi za zilizokufa. Nyingine hulala kama akiba, na huamka utando unapojeruhiwa vibaya.

Chembe changa ina safari ndefu. Lazima iote vinywele, ikuze uzi wake, ipenye vile vitundu vya mfupa na kufika mahali pake kwenye ubongo. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Pengine nyuzi hupotea njia, na mgonjwa husikia kahawa ikinuka kama kitu kilichooza. Hali hiyo husumbua sana, lakini baada ya mafua mara nyingi huonekana wakati uwezo wa kunusa unapoanza kurudi.

Kwa UVIKO-19, kirusi hushambulia hasa chembe za pembeni zinazozitunza zile za kunusa. Ndiyo maana wagonjwa wengi walipona baada ya wiki chache, ingawa wengine walingoja miezi mingi.

Hata hivyo, si kila mara kunusa hurudi. Pigo kubwa la kichwa laweza kukata nyuzi zote, na kovu likaziba njia. Uzee nao hupunguza nguvu za chembe mama.

Tufanye nini nyumbani?

1. Zoeza pua. Mwaka 2009, Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walieleza zoezi lililowasaidia baadhi ya wagonjwa. Walinusa harufu nne, yaani waridi, mkaratusi, limau na karafuu, kila moja kwa sekunde 10, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Vitu hivi twavijua. Nusa tu kwa utulivu, usitie kitu puani.

2. Linda pua. Acha sigara na ugoro. Fungua madirisha ya jiko la kuni. Usimwagie puani mafuta wala dawa usiyoandikiwa na daktari.

3. Jihadhari na hatari. Gesi ya kupikia hutiwa harufu mbaya makusudi ili ikivuja tujue. Asiyenusa hapati onyo hilo, wala la moshi, wala la chakula kilichochacha. Afunge mtungi kila baada ya kupika, na mtu mwingine wa nyumbani amnusie maziwa na mboga iliyolala. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya maji.

4. Nenda hospitali ikiwa mwezi umepita bila nafuu, ikiwa tundu moja tu la pua limeziba au linatoa damu, au ikiwa kichwa kilipigwa. Mzee anayepoteza harufu polepole bila mafua naye apimwe, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson.

Tusimcheke wala kumkaripia anayesema chakula hakina ladha. Tumtie moyo ale, tumkumbushe zoezi lake, na tumpe muda, kwa maana chembe mpya hazikui kwa siku moja.