Je, Wajua? Kutoka Komarock hadi Vijiji vya Ireland

Mkazi wa Komarock, Nairobi, akifunga safari kwenda kutembea katika kijiji cha mashambani Ireland, huenda akakuta Kenya imemtangulia.

Je, wajua kwamba Barack Obama ana ushago huku na kule? Kwa baba ni Kogelo, Siaya. Kwa mama ni Moneygall, Kaunti ya Offaly. Babu yake wa kale, Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu, aliondoka huko mwaka 1850 akiwa na miaka 19, wakati wa njaa kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi. Mei 23, 2011 Obama alifika, akanywa bia katika baa ya kijiji hicho chenye watu wapatao 300 tu. Siku hizi kando ya barabara kuu kuna kituo cha mafuta na mikahawa kiitwacho Barack Obama Plaza.

Je, wajua kwamba Mapadre wa Kiltegan wanaitwa kwa jina la kijiji? Shirika lao la Mtakatifu Patrick lilianzishwa mwaka 1932 Kiltegan, Kaunti ya Wicklow. Baadhi yao walihudumu Kitui na Turkana.

Je, wajua kwamba utakaribishwa kwa chai ya kwenu? Kampuni ya Barry's ya mjini Cork, iliyoanza 1901, huchanganya majani ya Kenya, Rwanda na Assam. Ila usitarajie chai ya kuchemshwa na maziwa: majani hulowekwa kwenye birika, kisha maziwa hutiwa kikombeni.

Je, wajua kwamba kuna baa inayozika? McCarthy's ya Fethard, Kaunti ya Tipperary, huuza vinywaji na chakula, na pia huandaa mazishi. Zamani baa nyingi za mashambani ziliunganisha biashara namna hiyo.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne usiku? Desemba nako, saa kumi jioni ikipita kidogo tu, giza linaanza kuingia.

Je, wajua kwamba huhitaji adapta? Soketi zao ni za pini tatu kama zetu, na magari hupita kushoto. Lakini usidanganyike na viza ya Schengen: Ireland haimo katika mpango huo. Mkenya lazima aombe viza ya Ireland yenyewe, hata kama ya Ufaransa tayari imo ndani ya pasipoti.