Je, Wajua Kuacha Sigara Kunaweza Kupandisha Dawa kwenye Damu?

Mgonjwa wa skizofrenia analazwa katika wodi isiyoruhusu sigara. Vidonge vyake vya klozapini ni vilevile alivyovimeza nyumbani, lakini wiki haijaisha anasinzia mchana kutwa, na usiku mate yanamtoka hadi mto unalowa. Dozi haikuguswa. Damu ikipimwa, dawa inakutwa imepanda kwa nusu nzima, pengine zaidi.

Chanzo ni moshi. Kemikali zilizo kwenye lami ya tumbaku inayoungua huchochea kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP1A2, nacho ndicho kinachoivunjavunja klozapini. Mvutaji huimaliza dawa upesi. Akiacha, kimeng'enya hupoa ndani ya siku chache na dawa hulundikana. Nikotini haina hatia hapa, kwa hiyo plasta ya nikotini haibadilishi kitu. Kahawa hufanya kinyume cha moshi, kwa kuwa kafeini hugombea kimeng'enya hichohicho. Nimonia nayo huipandisha dawa, tena wakati ambao kila mtu anashughulikia mapafu na hakuna anayekumbuka vidonge.

Upimaji wenyewe unadai saa. Aliyemeza saa tatu usiku hutolewa damu saa tatu asubuhi, kabla hajameza kidonge cha asubuhi. Akikitanguliza, namba inayotoka ni ya uongo. Maabara huzungusha damu kwa kasi hadi utegili ujitenge na seli, kisha huutia kiasi maalumu cha klozapini nzito, ambayo baadhi ya hidrojeni zake zimebadilishwa na deuteriamu. Hiyo ndiyo rula ya kulinganishia. Molekuli huchujwa, hupewa chaji na kupimwa uzito: klozapini ya kawaida husoma 327, kisha mashine huipasua na kukitafuta kipande cha 270. Dutu nyingine ikifanana nayo kwa uzito, ni nadra ipasuke vilevile.

Karatasi ya majibu huja na namba mbili, ya klozapini na ya norklozapini, zao lake linalodumu mwilini kwa muda mrefu zaidi. Zao likiizidi dawa yenyewe kwa mbali, daktari huuliza kwa upole kama vidonge vya jana vilimezwa kweli.

Kipimo hiki kisichanganywe na kile cha kuhesabu seli nyeupe, kilichotiliwa mkazo baada ya wagonjwa kadhaa kufariki Finland mwaka 1975 kwa kupungukiwa na seli hizo. Kile hulinda uhai. Hiki husaidia kupanga dozi. Wengi huanza kupata nafuu dawa ifikapo nanogramu 350 kwa mililita. Ikivuka 1,000, hofu ya degedege huwa kubwa. Wapo pia wanaotulia vizuri kwa 250, na hao sioni sababu ya kuwaongezea kidonge ili tu kuifurahisha karatasi.