Zaidi ya hesabu: tujifunze kuandika makala ya maisha yetu



Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF walishambulia Kamango. Kwa siku chache watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka na kuingia wilaya ya Bundibugyo, Uganda. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule, Kamango ikashambuliwa tena. Redio za dunia zilitangaza hesabu, kisha zikaendelea na mambo mengine.

Hesabu ile ilisaidia, kwa sababu bila hesabu hakuna shitingi wala unga. Lakini hakuna mtu anayeitwa "elfu sitini". Kila mmoja alivuka akiwa na jina, na kitu mkononi, na kitu alichoacha nyuma. Katika mikutano yetu swali hili linarudi: "Wanahabari wanakuja, wanapiga picha, wanaenda. Sisi wenyewe tutasema lini?" Wazee walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi leo tueleze namna mwenye kitanda anavyoweza kuandika.

Habari fupi na makala

Habari fupi inajibu maswali: nani, nini, wapi, lini. Makala inachukua mtu mmoja au jambo moja, inaliangalia kwa karibu, na inaeleza namna gani na kwa nini. Haiwi hadithi ya kubuni, kwa maana kila neno lake lazima liwe limetokea. Haiwi pia hotuba.

Mfano: "Wakulima wa kakao hawafiki mashambani" ni habari fupi. Makala itamfuata papa mmoja: alitoka saa ngapi, alipita vizuizi vingapi, aliulizwa nini, alikuta kakao yake imeshavunwa na nani asiyejulikana, na jioni aliwaambia watoto nini. Msomaji akifika mwisho ataelewa jambo ambalo hesabu haikumwambia.

Milango mitatu ya kuingilia

1. Mimi ni nani? Tangu uandikishaji wa mwaka 2005, wengi wetu Kongo tumetumia kadi ya mpiga kura kama kitambulisho. Mtu aliyekimbia usiku bila kadi anafika kwenye kizuizi akiwa na mdomo tu wa kujieleza. Na sisi tunaokaa mpakani tuna ndugu wa lugha moja pande zote mbili, kwa hiyo mtu anaweza kuitwa mgeni katika ardhi aliyozikiwa babu yake. Usimuulize, "Unajisikiaje?" Muulize, "Ulipoombwa kadi, ulijibu nini?" Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema kila mkimbizi ana haki ya kutambuliwa mbele ya sheria na kupewa hati zake. Kwa hiyo jibu la mama huyo kwenye kizuizi linagusa sheria.

2. Uhuru. Katiba yetu ya 18 Februari 2006 inasema juu ya uhuru wa kutoa mawazo (kifungu cha 23), haki ya kupata habari (24) na uhuru wa kwenda na kurudi (30). Mwandishi wa makala anaweka maneno hayo kando ya maisha ya siku moja. Njia ya shamba iko wazi siku gani? Nani anaamua? Ni nani asiyethubutu kusema katika mkutano, na anamwogopa nani?

3. Dhuluma. Tarehe 26 Desemba 2018, CENI ilitangaza kwamba miji ya Beni na Butembo na teritware ya Beni haitapiga kura ya 30 Desemba, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Kura yetu ya wabunge ilifanyika 31 Machi 2019, wakati rais alikuwa ameshaapishwa tangu Januari. Siku ile ya 30 Desemba, wakaaji wa Beni walijipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe isiyohesabiwa na mtu. Angalieni jambo dogo lile la kunawa mikono. Linajibu sababu iliyotolewa bila tusi hata moja. Lakini mwandishi wa haki ataandika pia kwamba Ebola ile iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kwisha Juni 2020. Ukiandika dhuluma, msikilize pia anayelaumiwa.

Kosa langu

Nilipoanza kazi hii, niliandika habari ya mama mmoja aliyetoroka kutoka msituni. Alikubali, nami nilibadilisha jina. Lakini niliacha mtaa wake, idadi ya watoto wake na biashara yake ya mafuta ya mawese. Juma halikwisha kabla watu hawajamtambua. Maneno yakaanza sokoni, kisha katika ukoo wa mume, na mama akahama tena. Mara ya kwanza alikimbia silaha, mara ya pili alikimbia kalamu yangu. Yeye alikubali mimi nisikie. Sikumuuliza kama anakubali majirani wasome.

Tangu hapo tunafuata haya:

- Omba ruhusa mara mbili: kabla ya mazungumzo, na baada ya kumsomea maandishi katika lugha anayoielewa. Akisema toa, unatoa.
- Ondoa jina na kila alama inayomwonyesha mtu.
- Usiandike njia wanazopita watu, siku za safari, wala mahali askari walipo.
- Usilaumu kabila. Andika tendo na aliyelitenda, ikiwa una hakika.
- Usiahidi msaada. Makala si jetoni.
- Mtoto asipigwe picha ya kumtambulisha.

Anza juma hili

Chukua daftari. Tafuta mtu mmoja na swali moja. Sikiliza mara mbili zaidi ya unavyosema. Andika ukurasa mmoja, kisha msomee kwa sauti mtu asiyejua habari ile, pale anapouliza "kisha?" pana upungufu, rudi ukaulize tena. Wengi wetu hawasomi, kwa hiyo maandishi mazuri yanafaa pia kwa redio ya jamii.

Kwenu viongozi tuna ombi moja: makala ikisomwa katika mkutano, msitafute ni nani aliyesema. Tafuteni kama lililosemwa ni kweli na kama linaweza kutengenezwa. Kijiji ambacho mjane anaweza kueleza namna shamba lake lilivyochukuliwa, na usiku akalala bila hofu, kimeshaanza kazi ya amani.